Kaseti za Video za Mauzo ya Gereji: Kabla Hujaitupa, Shuku Deki

Hapa Ohio, Marekani, theluji ikishayeyuka tu, watu hufungua gereji zao Ijumaa na Jumamosi asubuhi, wakapanga meza mpaka ukingoni mwa barabara na kuuza walichochoka kukaa nacho: vyombo, taa, baiskeli za watoto ambao siku hizi wana watoto wao. Ni mnada wa mitumba, ila muuzaji ni mwenye nyumba mwenyewe, amekaa kwenye kiti cha kukunja na kikombe cha kahawa mkononi. Chini ya meza ya mwisho, pale vitu vinaposukumwa kwa mguu, hapakosi boksi la kaseti za VHS. Filamu za dukani zenye majalada ya rangi ziache hapohapo, zimejaa kila mahali. Mimi hupekua zile nyeusi, zenye kibandiko kilichoandikwa kwa kalamu: Krismasi 88. Mechi. Usifute!!

Ndani yake unaweza kukuta harusi, au saa sita za televisheni ya mji mdogo pamoja na tangazo la duka la magodoro na utabiri wa hali ya hewa wa jioni hiyo, mambo ambayo mara nyingi hata kituo chenyewe hakikuyahifadhi. Marion Stokes wa Philadelphia alirekodi televisheni usiku na mchana kuanzia miaka ya 1970 hadi alipofariki mwaka 2012, akaacha kaseti zipatazo 70,000, na leo zimehifadhiwa na Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Sisi wengine tuna boksi nne kwenye kabati, lakini ugonjwa ni uleule.

Muuzaji atakwambia hajui kama zinafanya kazi. Utafika nyumbani, utaingiza kaseti kwenye deki, utaona chenga, utasema imekufa. Ngoja kwanza. Nimefanya kazi hii ya kufufua na kunakili kaseti miaka kadhaa, na kaseti nyingi nilizoletewa zikiitwa maiti zilikuwa nzima kabisa. Mgonjwa alikuwa deki. Funai, kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza deki za VHS, iliacha kuzitengeneza Julai 2016. Maana yake, hata deki changa kuliko zote duniani ni kikongwe, mipira yake imekauka na hedi zake, yaani vile vichwa vidogo vinavyosoma mkanda, zimeshasuguliwa na maelfu ya mita za mkanda. Ukiilaumu kaseti kwanza utatupa vitu vizima.

Kwanza, palepale mezani

Chukua kaseti, iinamishe kwenye mwanga utazame kupitia kidirisha. Mkanda uliojiviringisha vizuri hung'aa sawasawa kama kioo cheusi. Ukiona matuta, au tabaka moja limechomoza juu ya mengine, ulizungushwa vibaya na huenda kingo zimekunjika. Ukiona unga mweupe, au nyuzinyuzi kama za utando wa buibui pembezoni mwa mkanda, hiyo ni ukungu. Weka kando, tutairudia. Itikise kidogo. Kikisikika kitu kinachogonga ndani, kuna kipande kimevunjika. Halafu bonyeza kile kitufe kidogo cha ubavuni na uinue mlango wa mbele uone mkanda wenyewe. Usiuguse kwa kidole. Unataka kuona ukingo ulionyooka, usiofanana na pindo la kanga iliyotafunwa na mbuzi.

Nusa pia. Harufu ya chumba cha chini kilichopata maji ni onyo la ukungu. Harufu ya siki haitoki kwenye VHS, kwa sababu mkanda wake ni wa poliesta. Siki ni ya filamu za zamani za asetati. Basi boksi likinuka siki, usikimbie: pekua chini, huenda kuna reli (vigurudumu vya kuviringishia filamu au mkanda) za sinema ya familia zimelala humo.

Na ujanja mmoja wa kupekua. Mgongoni mwa kila kaseti kuna kijino cha plastiki cha kuzuia kurekodi juu yake, na filamu za dukani huja bila kijino hicho. Ukikuta filamu ya dukani ambayo tundu lake limezibwa kwa selotepu, mtu aliitumia tena nyumbani kwake. Hiyo inunue, hata kama jalada ni la katuni. Mojawapo ya kaseti zangu bora ilinijia hivyo, kwa senti 25.

Deki inaitema kaseti papo hapo

Mwanzo, hakikisha ni VHS kweli. Kaseti ya Betamax ni ndogo kidogo na haiingii. Zile ndogo za kamera ni aina mbili ambazo watu huzichanganya kila siku: VHS-C ina mkanda uleule wa nusu inchi, nayo huingizwa kwenye kaseti-mama ya ukubwa wa kawaida, ambayo nyingi hutumia betri moja ndogo (ikigoma, tazama betri kwanza). Video8 na Hi8 zina mkanda wa milimita 8, na hakuna kaseti-mama ya kuziingiza kwenye deki ya VHS. Anayekuuzia kifaa cha namna hiyo anakuuzia plastiki. Unahitaji kamera yake.

Ikiwa ni VHS na bado inatemwa, fahamu kwanza deki inavyojua kwamba mkanda umefika mwisho. Mwanzoni na mwishoni mwa mkanda kuna kipande cha plastiki kinachopitisha mwanga. Katikati ya deki pana taa ndogo inayoingia kwenye tundu lililo chini ya kaseti, na pembeni pana macho mawili yanayoitazama taa hiyo. Mkanda mweusi ukiwepo, macho hayaoni kitu, na deki inaendelea. Kipande kile kikifika, mwanga unapenya na deki inasimama. Sasa, mkanda ukiwa umekatika au umechomoka kwenye reli, macho yote mawili huona mwanga kwa pamoja, deki ikachanganyikiwa, ikatema.

Nilijifunza hili kwa aibu. Nilifungua kifuniko cha deki, nikaiweka dirishani ili nione vizuri, na kila kaseti niliyoingiza ikagoma. Nilikwisha kuitangaza kuwa imeharibika. Mzee mmoja wa Kisumu, aliyekuwa fundi wa redio kwao kabla ya kuhamia huku, alikuja, akatazama, akavuta pazia. Deki ikacheza. Jua lilikuwa linaingia kwenye yale macho. "Kijana," akaniambia, "hiyo mashine inadhani ni mwisho wa mkanda."

Ikiwa mkanda umechomoka kwenye reli kweli, usikate tamaa, kwa sababu kwa kawaida hukatikia pale kwenye kile kipande cha mwanzo au mwisho, mahali pasipo na picha. Hapo ndipo filamu za dukani zinapopata kazi: mimi huzinunua chache, zenye skrubu, ili nipate maganda ya akiba. Tafuta bisibisi ya nyota. Igeuze kaseti kifudifudi, fungua skrubu tano za chini, kisha ukiwa bado umeshika vipande viwili pamoja, igeuze tena isimame sawa na uinue ganda la juu taratibu. Kabla hujagusa kitu, piga picha kwa simu. Kuna springi ndogo za breki za reli ambazo zikiruka utazitafuta kwenye zulia mpaka magharibi. Reli hushika mkanda kwa kibanio kidogo cha plastiki. Kichomoe, rudisha ncha ya mkanda, kibonyeze tena. Kisha hamishia reli zote mbili kwenye ganda zima, ukipitisha mkanda kama picha ya simu inavyoonyesha.

Ukikatika katikati, unaunganishwa kwa utepe maalumu wa kuungia. Selotepu ya ofisini usiithubutu: gundi yake hutambaa ikafika kwenye hedi. Bandika upande wa nyuma tu, ule unaotazama ndani. Upande unaokutazama ukifungua mlango wa kaseti ndio wenye picha, na ndio unaosugua hedi. Baada ya kuunga, cheza mara moja huku ukinakili kwenye kompyuta, basi. Kaseti hiyo haipaswi kupita tena kwenye hedi.

Wakati mwingine mkanda ni mzima ila reli hazizunguki. Chini ya kaseti, katikati, pana tundu lenye kiwashio cha breki ndani. Kibonyeze kwa kalamu na uzungushe reli kwa kidole. Zikizunguka, kaseti haina kosa.

Deki imemeza mkanda

Kaseti imetoka nusu, na mkanda unaning'inia ndani kama utumbo. Usivute. Chomoa waya wa umeme ukutani, subiri kidogo, ndipo ufungue kifuniko. Usiguse sehemu ya umeme hata baada ya kuchomoa, maana kapasita zake hubaki na chaji. Tazama mkanda umeshikwa wapi. Mara nyingi umeng'ang'ania kati ya kijiti cha chuma na kigurudumu cha mpira mweusi. Utoe kwa upole ukiwa umevaa glavu safi, kisha uuviringishe ndani kwa kuzungusha reli kwa mkono.

Chanzo karibu siku zote ni mpira. Ndani ya deki kuna gurudumu dogo linaloisukuma reli ipokee mkanda. Mpira wake ukikauka hutereza, reli haizunguki, lakini kigurudumu kingine kinaendelea kusukuma mkanda mbele, kwa hiyo unamwagika ndani ya mashine. Dalili ya mapema ni deki inayocheza vizuri ila ikirudisha mkanda nyuma inasuasua. Ukiona hivyo, usiipe kaseti yoyote unayoijali. Ndiyo maana kando ya deki yangu hukaa kaseti ya kafara, filamu ya mieleka niliyopewa bure. Deki yoyote mpya kwangu, au iliyokaa miezi mitatu bila kutumika, huanza na hiyo: icheze, irudishe, itoe. Ikitoka salama mara tatu, ndipo zinafuata nyingine.

Sauti ipo, picha ni chenga tupu

Hii ndiyo kesi ya kila wiki, na ndiyo inayoua kaseti nyingi zisizo na hatia. Sauti ya kawaida husomwa na hedi iliyosimama pembeni. Picha husomwa na hedi ndogo sana zilizo kwenye ngoma ya chuma inayozunguka karibu mara 30 kwa sekunde. Uchafu mdogo tu ukiziba hedi hizo, picha inapotea na sauti inabaki. Kwa hiyo sauti safi na chenga ni habari njema: mkanda una kitu, ni deki tu iliyofumba macho. Ikiwa kaseti nyingine nazo zinaonyesha chenga, huna haja ya ushahidi zaidi.

Kaseti za kusafishia zinazouzwa madukani sizipendi. Zile kavu husugua hedi kama msasa, na zile za maji huhamisha uchafu tu. Fanya kwa mkono. Chomoa umeme, fungua kifuniko, tafuta ngoma ile inayong'aa, iliyolala upande kidogo. Ukiizungusha pole pole utaona hedi, vinukta viwili, vinne au zaidi, vinachungulia kwenye ukingo wake. Kata kipande cha karatasi nyeupe ya kuchapia, kilowanishe kwa spiriti ya aisopropili ya asilimia 99. Kibonyeze kwenye ngoma kwa kidole kimoja, bila nguvu, na ukishikilie palepale. Kwa mkono mwingine zungusha ngoma kwa juu, mbele na nyuma. Ngoma ndiyo inayosogea, karatasi haisogei. Ukipandisha na kushusha karatasi utavunja hedi, na hedi ikivunjika deki imekuwa sanduku. Vijiti vya pamba vya masikio usivitumie hapa, nyuzi zake hunasa. Karatasi itatoka na mstari wa kahawia au mweusi. Badilisha, rudia mpaka itoke nyeupe. Acha ikauke dakika 20 kabla ya kurudisha umeme.

Hedi ya sauti iliyosimama, na njia yote ya chuma unayopita mkanda, hizo zisafishe kwa kijiti cha pamba bila wasiwasi. Kigurudumu cha mpira nakipangusa kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni, kwa sababu spiriti hukausha mpira.

Ukisafisha, picha ikarudi kwa dakika moja kisha ikazimika tena, sasa tazama kaseti. Huenda mkanda unamwaga unga wake. Ukisikia na mlio kama mlango usiotiwa mafuta, simamisha mara moja. Gundi inayoshikilia chembe za sumaku imeanza kunata. Wataalamu huziweka kaseti za aina hiyo kwenye joto dogo linalodhibitiwa kwa saa nyingi. Jiko la oveni la nyumbani halina udhibiti huo, na utapika plastiki.

Mistari ya chenga inayopita kwenye picha

Bonyeza kitufe cha trakingi. Picha kwenye VHS imeandikwa kwa mistari ya mshazari, na ukingo wa chini wa mkanda kuna alama zinazoiambia deki mstari unaanzia wapi. Trakingi ni kurekebisha hesabu hiyo. Mstari wa chenga ukihama ukibonyeza, endelea mpaka uishe. Kama hauhami hata kidogo na kila kaseti inao, vijiti vya kuongoza mkanda vimekaa vibaya. Mpe fundi, usijifunzie hapo.

Kama ni kaseti moja tu inayosumbua, uliza ilirekodiwa kwa mwendo gani. Kaseti ya T-120, ile ya kawaida Marekani, inachukua saa mbili kwa mwendo wa kawaida, SP, na saa sita kwa mwendo wa polepole, EP. Aliyekuwa akirekodi tamthilia za mchana alitaka saa sita, na hakuna wa kumlaumu, kaseti zilikuwa ghali. Lakini EP huandika mistari myembamba sana, karibu theluthi moja ya upana wa ile ya SP, na kama deki yake ilikuwa imekaa upande nywele moja, deki yako iliyonyooka haitaisoma. Dawa ni kuijaribu kwenye deki nyingine, na nyingine tena. Nina deki nne, na sioni haya. Kuna kaseti moja ya mwaka 1991 ambayo tatu zinaikataa kabisa na ya nne, ile ya bei rahisi kuliko zote, inaicheza kama imezaliwa nayo.

Mkanda uliokunjika nao una lugha yake. Ukingo wa juu ukiharibika, sauti hukatika. Ukingo wa chini ukiharibika, alama zile hupotea na picha hurukaruka. Vimistari vyeupe vifupi vinavyomulika hapa na pale ni chembe zilizobanduka, hizo hazirudi.

Juu picha imepinda, au skrini inageuka bluu

Televisheni ya chogo ina uvumilivu wa bibi. Flati skrini haina. Mkanda uliovutika kidogo hutoa ishara inayoyumba, juu ya picha panapinda kama bendera, na televisheni mpya huamua hakuna kitu na kuweka bluu. Deki nyingi nazo hufanya hivyo hivyo zenyewe: ingia kwenye menyu, tafuta kipengele cha skrini ya bluu, zima. Utastaajabu picha ngapi zilikuwa zimejificha nyuma ya bluu.

Vifaa vya USB vya kunakilia kwenye kompyuta ni vikali zaidi. Baadhi hudhani kuyumba huko ni kinga ya kuzuia nakala na kugoma kurekodi harusi ya mtu kana kwamba ni filamu ya Hollywood. Ukiwa na bajeti, tafuta kifaa cha kunyoosha ishara, kinachoitwa TBC. Bila bajeti, pitisha ishara ndani ya kirekodi cha DVD kisha ndipo iende kwenye kompyuta. Baadhi yake hunyoosha vya kutosha.

Mtu akinakili kwa mara ya kwanza hunipigia akiwa na hofu kwamba chini kabisa ya picha pana mchirizi uliochanika. Huo ni wa kawaida, ni pale hedi moja inapompokeza mwenzake kazi. Televisheni ya chogo ilikuwa inauficha nyuma ya fremu. Ukate ukihariri.

Picha nyeusi na nyeupe, inapanda kama lifti

Niliwahi kumtumia shangazi yangu Tanga kaseti ya sherehe ya kipaimara tuliyoifanya huku. Akapiga simu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hii kaseti yako ina ugonjwa gani? Watu hawana rangi, na wote wanapanda juu wanatokomea."

Kaseti haikuwa na ugonjwa. Marekani ilitumia mfumo wa televisheni wa NTSC, picha ya mistari 525. Tanzania, Kenya na Uganda zilitumia PAL, mistari 625. Deki ya PAL isiyojua NTSC, au televisheni isiyojua, hutoa mambo hayo hayo aliyoyaona shangazi. Ukiwa huku na ukapata kaseti ya PAL, mambo hugeuka: picha hupanda, na sauti hukimbia, wazee wakaongea kama vifaranga. Kwenye boksi za huku kaseti ya PAL huitambui kwa macho, lakini lebo husaidia. Yenye herufi E, kama E-180, ilitengenezwa kwa nchi za PAL. Yenye T ni ya NTSC. Si hukumu ya mwisho, maana mkanda wenyewe ni uleule na mtu anaweza kurekodi PAL kwenye T-120, lakini ukiona E-180 Ohio, jua kuna familia iliyovuka bahari.

Dawa ni deki ya mifumo mingi. Zilizokuwa zikiuzwa Dubai nyingi zilikuwa hivyo, kwa kuwa wateja wake walitoka kila upande, na ndizo zilizofika pwani yetu mikononi mwa wasafiri. Ndugu yako wa Mombasa akiwa nayo darini, mwambie asiitupe. Shangazi naye hatimaye alipata jirani mwenye deki ya namna hiyo, na tangu hapo akanitumia kila kaseti ya harusi ya Tanga aliyoweza kuipata. Watu wa Tanzania Bara walikuwa na deki na kaseti nyumbani kabla hawajawa na kituo cha televisheni, kilichokuja mwaka 1994, kwa hiyo kaseti za harusi zilitazamwa mpaka zikachakaa. Unaziona kwenye chenga: mahali pa bibi harusi kuingia ndipo palipochakaa zaidi.

Sauti inakwaruza au haipo

Kama inakwaruza kama nyuki ndani ya chupa, deki inasoma sauti ya Hi-Fi, ambayo huandikwa kwa hedi zinazozunguka pamoja na picha, na trakingi haijakaa. Rekebisha, au nenda kwenye menyu uchague sauti ya kawaida. Kaseti iliyorekodiwa kwa kamera ya nyumbani kwa kawaida ina sauti ya kawaida tu. Sauti iliyofifia, nene, kama mtu aliyefunikwa blanketi, ni hedi ya sauti iliyochafuka. Pamba, spiriti, dakika mbili.

Unga mweupe

Huku nyumba nyingi zina chumba chini ya ardhi, na chumba hicho hunyonya maji. Kaseti zikikaa humo miaka 20, ukungu huota. Nilikosea mara moja tu: niliingiza kaseti yenye ukungu kidogo nikiamini kidogo hakidhuru. Hedi ziliziba, nikasafisha juu juu, nikacheza kaseti nyingine sita siku hiyo. Mbegu za ukungu ziliingia zote.

Kaseti ya namna hiyo ifunge kwenye mfuko wa plastiki palepale barabarani, isilale na nyingine. Nyumbani ipeleke mahali pakavu penye hewa, ikae siku kadhaa mpaka ukungu ukauke na kuacha kunata. Vaa barakoa na glavu, fanya kazi nje au kibarazani, hasa kama una pumu. Fungua ganda, pangusa pande za reli kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye spiriti kidogo, tupa ganda la zamani, weka jipya. Halafu icheze kwenye deki ya kafara, ambayo haiguswi na kaseti safi, na uinakili kwa mpigo mmoja. Kama ndani kuna kitu kisichopatikana tena, mpe mtaalamu mwenye mashine za kusafishia, ulipe, ulale.

Katika miezi ya baridi kuna jambo dogo: deki au kaseti ikitoka kwenye gari la baridi na kuingia sebuleni penye joto hupata umande. Baadhi ya deki huonyesha alama na kukataa kuwaka. Haijaharibika. Iache mpaka kesho.

Kaseti ni tupu

Karibu haiwi. Nimekuta watu wakitupa kaseti kwa sababu dakika kumi za kwanza ni chenga. Mwenye kamera aliruka mwanzo, au alirekodi juu ya mwanzo, au mtoto alibonyeza. Ipeleke mbele mpaka mwisho ukitazama, na ukifika mwisho wa mechi usiondoke. Kwenye kaseti moja iliyoandikwa "Mpira", baada ya saa mbili za mchezo na dakika 40 za chenga, palikuwa na dakika kumi na moja za bibi mmoja amekaa jikoni akimenya matufaha, na mtoto nyuma ya kamera akimuuliza jinsi alivyovuka kuja nchi hii. Hakumaliza kujibu, betri iliisha.

Kaseti za watu siziweki mtandaoni. Sura ni zao. Nikijua nyumba niliyonunua, hurudi. Nilirudi kwa huyo muuzaji wiki iliyofuata, meza zikiwa zimeshaondolewa, nikampa kaseti pamoja na nakala kwenye kidude cha USB, nikamwambia aanzie saa ya pili na dakika 40. Alisimama mlangoni akikigeuzageuza kile kidude. Kisha akaniuliza kama nimeshauza zile nyingine kumi na nne.

Nilimwambia ziko kabatini, na kwamba mbili zinaonyesha chenga, ila bado sijajaribu deki ya nne.